RAM ya bei ghali na kompyuta ya michezo: shilingi 16,000 za ziada zinanunua nini?

Swali: Ninaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na kwa miezi saba sasa ninajiundia kompyuta ya michezo kidogo kidogo. Tayari nina prosesa ya Ryzen 5 7600, bodi ya B650, kadi ya grafiki ya RX 7600 yenye GB 8, na skrini ya 1080p ya Hz 75. Kilichobaki ni RAM, ile memori ambamo prosesa huweka data inayoitumia kwa wakati huo. Katika duka moja la Moi Avenue nimeonyeshwa seti tatu za DDR5, aina ya RAM inayoingia kwenye bodi yangu, kila moja ikiwa na vipande viwili vya GB 16. Ya kwanza ni 5600 CL46, haina urembo wowote. Ya pili ni 6000 CL30, nayo inaizidi ya kwanza kwa shilingi 3,500. Ya tatu ni 7200 CL34, ina taa za rangi na vazi zito la aluminiamu, na inaizidi ya kwanza kwa shilingi 16,000. Muuzaji ananihakikishia kwamba hiyo ya tatu itaniongezea fremu nyingi, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, katika Counter-Strike 2, GTA V na EA Sports FC. Je, ni kweli? Pia mdogo wangu ana kompyuta ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, Core i5 ya kizazi cha nane isiyo na kadi ya grafiki, yenye kipande kimoja cha GB 8. Naye nimnunulie RAM ya kasi?

Jibu: Ndugu yangu, usiichukue seti ya tatu. Hilo nalisema hata kama shilingi 16,000 hizo umeziweka kando na huna dharura nyingine, kwa sababu tatizo si bei peke yake: prosesa uliyo nayo haitaiendesha RAM hiyo kwa namna itakayokuletea manufaa, na kuna uwezekano mkubwa kwamba katika michezo itakwenda sawa na seti ya pili au nyuma yake kidogo. Ningekuwa mimi, ningeongeza zile 3,500 nikachukua ya pili. Endapo 3,500 hizo ndizo nauli yako ya wiki mbili, basi ya kwanza itakuchezea michezo yote mitatu uliyoitaja na itakuwia vigumu kugundua ulichokosa. Mdogo wako ndiye mwenye nafasi kubwa ya kufaidika, nami nitamfikia.

Tuanze na namba zilizoandikwa kwenye boksi, maana humo ndimo muuzaji anamotoa maneno yake. Namba ya kwanza, iwe 5600, 6000 au 7200, ni idadi ya mara, kwa mamilioni, ambazo RAM huhamisha data katika sekunde moja. Kila mara, njia moja ya memori hubeba baiti 8, na kwa kuwa kompyuta yako ina njia mbili, ukizidisha unapata uwezo wa GB 89.6 kwa sekunde kwa seti ya kwanza, GB 96 kwa ya pili na GB 115.2 kwa ya tatu. Namba ya pili, ile inayotanguliwa na herufi CL, ni idadi ya midundo ya saa ya RAM inayopita kati ya kuagizwa kwa data na kuanza kutoka kwake. Wapo wanaoisoma peke yake wakadhani kwamba CL34 lazima iwe mbovu kuliko CL30, na wapo wasioitazama kabisa. Haina maana mpaka uihusishe na kasi: chukua CL, zidisha kwa 2,000, gawanya kwa namba ya kwanza, nawe utapata muda huo kwa nanosekunde. Seti ya kwanza inatoa nanosekunde 16.4, ya pili 10 kamili, ya tatu 9.4. Sasa tazama mruko wenyewe. Kutoka ya kwanza hadi ya pili umepunguza zaidi ya nanosekunde 6 kwa shilingi 3,500. Kutoka ya pili hadi ya tatu umepunguza nusu nanosekunde na kitu kidogo, na kwa ajili ya hiyo nusu unaombwa shilingi 12,500.

Na hata hiyo nusu usiitegemee. Ndani ya prosesa za jamii ya Ryzen 7000, yako ikiwemo, kuna kidhibiti cha memori ambacho hufanya kazi vizuri zaidi kinapokwenda sambamba na RAM, mdundo kwa mdundo. RAM ya 6000 huwa na saa ya MHz 3,000, kwa kuwa huhamisha data mara mbili katika kila mdundo, na kidhibiti hicho huifikia MHz 3,000 bila taabu. Ndiyo maana AMD yenyewe, kampuni inayozitengeneza, ilipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022, iliitaja 6000 kuwa ndiyo kasi inayozifaa zaidi prosesa hizo. RAM ya 7200 ingekitaka kidhibiti kiende kwa MHz 3,600, mwendo ambao kwa kawaida hakiuwezi. Kwa hiyo bodi hukishusha kwenda kwa nusu ya saa ya RAM, yaani MHz 1,800. Matokeo yake ni kwamba RAM imepanda kwa asilimia 20 kutoka 6000, ilhali kidhibiti kinachoihudumia kimeshuka kwa asilimia 40, na muda uliookolewa upande mmoja unapotelea upande wa pili. Wako wapenzi wa mambo haya wanaokwenda hadi 8000 ili kuifidia hasara hiyo, lakini hao hutumia wikendi nzima ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, wakibadilisha namba moja moja, na wanaifanya kwa raha zao.

Kuna kikwazo kingine ambacho sijawahi kumsikia muuzaji akikitaja. Ryzen 5 7600 ina viini sita, yaani sehemu zinazofanya hesabu, vilivyokaa kwenye kipande kimoja cha silikoni, na kipande hicho huunganishwa na kidhibiti cha memori kwa njia ya ndani inayobeba baiti 32 kwa kila mdundo wakati wa kusoma. Njia hiyo huenda kwa MHz 2,000 hivi, kwa hiyo kinachoweza kuingia kwenye viini kutoka kwenye RAM ni takriban GB 64 kwa sekunde, basi. Seti zote tatu ulizoonyeshwa zinapita kiwango hicho, hata ile ya bei ya chini. Ni mambo ya Thika Road: unaweza kuongeza njia kutoka Kasarani hadi Muthaiga kadiri upendavyo, lakini magari yote yakishafika mzunguko wa Globe, foleni ni ile ile. Kwa hiyo, katika kompyuta yako, faida ya seti ya pili juu ya ya kwanza haitokani na upana wake hata kidogo. Inatokana na zile nanosekunde 6.

Hapo unaweza kuuliza kama nanosekunde 6 zina uzito wowote kwa mchezaji. Zinao, ila ni mahali maalumu, na ili upaone mahali hapo inabidi tutazame nani anamsubiri nani. Bila shaka umewahi kusimama kwenye kibanda cha chapati asubuhi. Kuna kijana anayeleta madonge ya unga, kuna anayesukuma, na kuna anayekaanga. RAM ni yule kijana, prosesa ni anayesukuma, na kadi ya grafiki ndiyo iliyo mbele ya kikaango. Ukimnunulia kijana viatu vipya, anayesukuma hatamsubiri tena. Lakini ikiwa chapati zilizosukumwa tayari zimerundikana zikingoja kikaango, viatu hivyo havitamfikishia mteja hata chapati moja ya ziada.

Hebu tuiweke katika hesabu, ambayo ni ya mfano tu. Tuseme katika GTA V, ukiwa umepandisha ubora wa picha, prosesa yako inahitaji milisekunde 7 kuiandaa fremu moja na kadi inahitaji milisekunde 11 kuichora. Kazi hizo mbili hupishana, prosesa ikiandaa fremu inayofuata wakati kadi bado inachora iliyotangulia, kwa hiyo mwendo wa mchezo huamuliwa na kazi iliyo ndefu zaidi. Gawanya 1,000 kwa 11 na unapata fremu 91 kwa sekunde. Sasa weka RAM bora zaidi, tuseme ipunguze kazi ya prosesa kutoka milisekunde 7 hadi 6.5. Kazi ndefu ni ile ile 11, na fremu ni zile zile 91. Juu ya hayo, skrini yako ya Hz 75 hubadilisha picha mara moja kila milisekunde 13.3. Zile fremu 91 zenyewe zinazidi uwezo wake wa kuonyesha, na zile za ziada hazikuonyeshi picha kamili hata moja zaidi. Ndiyo maana nilishangaa kidogo kuona unafikiria kuongeza shilingi 16,000 kwenye RAM kabla ya skrini. Ukiziweka fedha hizo kando hadi utakapopata skrini ya Hz 144 au zaidi, utaiona tofauti siku hiyo hiyo, bila kipimo chochote.

Hata hivyo haki itendeke: kuna nyakati ambapo hesabu hiyo hugeuka. Katika Counter-Strike 2, wachezaji wengi wanapokutana penye moshi na milipuko, kazi ya prosesa hupanda ghafla huku kazi ya kadi, hasa ukiwa umeshusha ubora wa picha kama wachezaji wa ushindani wanavyofanya, ikibaki ndogo. Hapo ndipo prosesa inaposubiri RAM, na ndipo fremu hushuka kwa kitambo na mkono wako ukahisi kama kipanya kimekwama. Wastani wa fremu hauwezi kukuonyesha jambo hili, kwa sababu kushuka kwenyewe hudumu muda mfupi sana. Anayepima vizuri hutazama asilimia 1 ya fremu zilizo mbaya kuliko zote. RAM yenye muda mfupi wa kusubiri huziinua fremu hizo za chini zaidi kuliko inavyouinua wastani. Hiyo ndiyo sababu yangu pekee ya kukuambia uongeze 3,500. Si sababu ya kuongeza 16,000, maana kama tulivyoona, nusu nanosekunde inayobaki inamezwa na kidhibiti kilichoshushwa mwendo.

Nimewahi pia kuulizwa kama RAM ya kasi itaisaidia kadi yenye GB 8 memori yake inapojaa. Haitaisaidia kiasi cha kuonekana. Memori ya RX 7600 imeunganishwa moja kwa moja na kadi na huhamisha GB 288 kwa sekunde. Ikijaa, kinachozidi huhifadhiwa kwenye RAM ya kompyuta na kusafirishwa kupitia PCIe 4.0 ya njia nane, yaani kiungo kati ya kadi na bodi, ambayo hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde kwa kila upande. Ukiwa na lango la GB 16, ghala la GB 89.6 na ghala la GB 115.2 ni mamoja. Dawa ya hali hiyo ni kupunguza ubora wa picha za nyuso, kuta na ardhi katika mipangilio ya mchezo.

Basi ni nini kinachouzwa kwa jina la RAM ya hadhi ya juu? Sehemu yake ni kitu halisi. Chipu nyingi za RAM duniani hutengenezwa na kampuni tatu, yaani Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, na chapa nyingi unazoziona kwenye kabati la kioo hununua chipu hizo, huzipanga kwa uwezo, kisha huzivisha mavazi yao. Chipu zinazovumilia mwendo wa juu kwa muda mfupi wa kusubiri ni chache zaidi, na uchache huo hulipiwa. Sehemu iliyobaki ni vazi na taa. DDR5 ya kawaida hutumia volti 1.1, na za kasi hupandishwa hadi 1.35 au 1.4, joto linalotokana na hapo ni la wati chache kwa kila kipande, ambalo bati jembamba na upepo wa feni za kawaida hulimudu. Vazi refu lenye mapezi linaweza hata kuwa kero, kwa kuwa hugongana na kipoza joto cha prosesa kilichoinama juu ya nafasi za RAM. Sisemi urembo ni dhambi. Unaishi Umoja na nganya unazipanda, unajua kwamba michoro na taa huvutia abiria hata kama injini ni ile ile. Ukizipenda taa, zinunue, ila ziandike kwenye daftari lako chini ya mapambo.

Nikuonyeshe nilichokiona mezani kwangu. Kijana mmoja aliniletea kompyuta akilalamika kwamba mchezo hugandaganda ingawa alinunua RAM ya bei mbaya. Nilipofungua ubavu, vumbi lilikuwa limetanda kwenye feni kama unga wa posho, na juu yake viking'aa vipande viwili vya DDR4 ya 3600, kizazi kilichoitangulia DDR5, zambarau na bluu, vimesimama bega kwa bega katika nafasi ya kwanza na ya pili. Nafasi hizo mbili katika bodi yake zilikuwa za njia moja. Niliwasha mashine, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua sehemu ya utendaji na kuchagua memori: kasi 2133. Yaani kwa zaidi ya mwaka mzima RAM yake ilikuwa ikihamisha GB 17 kwa sekunde, ilhali alilipia GB 57.6. Tulihamisha kipande kimoja, tukaingia kwenye BIOS na kuwasha XMP, mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kazi yote haikuzidi dakika 10, na zaidi ya nusu yake ilikuwa kupangusa vumbi. Hakuongeza hata senti moja kwenye RAM, na mchezo ukaacha kuganda.

Ninakusimulia hayo kwa sababu yanaweza kukupata hata wewe. RAM haiji ikikimbia mwendo ulioandikwa kwenye boksi. Kwa Ryzen 5 7600, mwendo ambao AMD inauahidi rasmi ni 5200; kinachozidi hapo ni makubaliano kati yako, bodi na bahati. Seti ya 6000 ikiwekwa na kuachwa hivyo, mara nyingi huamka kwa 4800, na hapo utakuwa umelipa 3,500 zaidi ili upate mwendo wa chini kuliko ulioandikwa kwenye seti uliyoikataa. Ingia kwenye BIOS uwashe EXPO, ambao ni mpangilio wa AMD unaobeba kasi, CL na volti vilivyopimwa kiwandani. Ukiwa dukani, tafuta neno EXPO kwenye boksi. RAM iliyoandikwa XMP pekee ilipimwa kwa kufikiria prosesa za Intel; mara nyingi hukubali, lakini usilipe bei ya juu ili kubahatisha. Kama bodi yako ina nafasi nne, weka vipande katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Nani basi anayestahili kulipia RAM ya kasi? Wa kwanza ni yule anayecheza bila kadi ya grafiki, kwa prosesa kama Ryzen 7 8700G ambayo ina grafiki zenye nguvu ndani yake. Grafiki hizo hazina memori yao. Hula kwenye sahani moja na prosesa, na kila GB ya ziada kwa sekunde wanaigombania. Wa pili ni mchezaji wa mashindano mwenye skrini ya Hz 240 au zaidi na kadi kubwa, anayecheza kwa ubora wa chini ili prosesa ndiyo iwe kikomo. Wa tatu ni mwenye Intel ya karibuni na bodi ya jamii ya Z, kwa kuwa vidhibiti vyao huzivumilia 7200 vizuri zaidi kuliko cha kwako. Kinyume chake, mwenye Ryzen 7 7800X3D anaihitaji RAM ya kasi kwa uchache zaidi, maana prosesa hiyo ina MB 96 za akiba ya ndani mahali ambapo yako ina 32, na mara nyingi data inayotafutwa huwa imo humo humo bila ya kwenda kwenye RAM.

Kuhusu ukubwa, GB 32 zinakutosha kabisa, na hapo umechagua vyema kuliko ungechagua GB 16 zenye taa. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia vitu kwenye SSD, yaani diski ya kuhifadhia, na hata SSD nzuri hujibu kwa makumi ya mikrosekunde, mamia ya mara polepole kuliko RAM yoyote iliyo kwenye kabati lile. Ila usinunue vipande viwili vya GB 8 leo kwa nia ya kuongeza viwili baadaye. Kwa DDR5, vipande vinne ni mzigo mzito kwa kidhibiti: ukijaza nafasi zote nne, ahadi rasmi ya AMD kwa prosesa yako hushuka kutoka 5200 hadi 3600. Najua bei inaumiza. Tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 RAM imepanda duniani kote, kwa kuwa watengenezaji wameelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye memori ya mitambo ya akili mnemba, nasi tunaonunua vipande viwili viwili tunapigania kinachobaki. Hiyo ni sababu nyingine ya kutolipia taa.

Sasa mdogo wako. Kompyuta yake haina kadi ya grafiki, kwa hiyo yumo katika kundi la kwanza nililolitaja, lile la wanaokula sahani moja, na bado amefungiwa njia moja. Prosesa za Core i5 za mezani za kizazi cha nane hutumia DDR4 ya 2666, na mashine za ofisini za ex-UK kwa kawaida hazikuruhusu kupita hapo hata ukiweka ya 3600. Kipande chake kimoja hutoa GB 21.3 kwa sekunde. Ukimwongezea kipande cha pili cha GB 8, cha kawaida kabisa, kilichotumika hata, anapata GB 42.6 na RAM ya GB 16 kwa mpigo mmoja, nazo grafiki za ndani zitapumua. Hazitageuka kuwa RX 7600, umwambie mapema asije akakulaumu, lakini GTA V kwa ubora wa chini itaacha kumkatia stimu katikati ya barabara. Kabla ya kununua, fungueni mashine na msome lebo ya kipande kilichomo, kisha mtafute kinachofanana nacho kwa aina, ukubwa na kasi. Ikiwa ni zile kompyuta ndogo zenye ukubwa wa kitabu, zinatumia RAM fupi ya laptop, na kipande kirefu hakitaingia. Hiyo ndiyo RAM ambayo ningeinunua kwanza kabla hata ya yako, maana kwa fedha kidogo inafanya kazi kubwa kuliko yote tuliyoyajadili hapa.

Utakapokwenda kuchukua yako, omba risiti iliyoandikwa aina kamili ya RAM na muda wa waranti, kwa sababu chapa nyingi huahidi waranti ya maisha lakini ya duka huenda ikawa ni ya miezi michache tu, na duka ndilo utakalorudi kuligongea mlango. Boksi liwe bado limefungwa. Ukifika nyumbani, washa EXPO kisha uiache MemTest86 ifanye duru zake zote nne kabla ya kuweka mchezo wowote. Hitilafu moja tu inatosha kuirudisha dukani. Na ukitaka kusasisha BIOS ya bodi, subiri uwe na UPS, hata ya kuazima kwa jirani, kwa maana stima ikipotea katikati ya kazi hiyo bodi inaweza isiwake tena.

Jambo la mwisho ni la siku ile ya kwanza. Bodi za AM5, jamii ya hiyo B650 yako, zikiwekewa RAM mpya huanza kwa kuipima, na wakati huo feni huzunguka huku skrini ikiwa nyeusi kabisa, bila neno wala alama, kwa dakika kadhaa. Nilishamwona mtu akiizima na kuiwasha mara tano, kila mara akiianzisha upya kazi ile ile, hadi akaipakia kwenye boda na kuirudisha kwangu akiamini ameuziwa RAM mbovu. Nilichomeka waya, nikawasha, nikamwagizia chai ya maziwa. Kabla hajafika nusu ya kikombe, picha ilitokea.